Ngoma ya Msumeno

3 Machi 1974

Mvua imeanza leo katikati ya misa, tena kwa fujo, hadi padri akanyamaza kungoja bati zitulie. Hazikutulia. Tumerudi nyumbani tumelowa chepechepe, mama amewasha kuni mbichi, na mimi naandika huku moshi ukinitoa machozi. Masika ndiyo hayo.

6 Machi

Ndugu Fanueli, afisa utamaduni, amekuja kutoka Lushoto. Landrover ilimfikisha pale matope yalipoikatalia, akamalizia kwa miguu. Aliingia darasani kwangu suruali imechafuka hadi magotini na bado anatabasamu. Anataka kijiji chetu kipeleke ngoma kwenye sherehe za Saba Saba.

"Lakini si ngoma ya mdumange, Mwalimu Perpetua. Mdumange tunao wa kutosha. Nyinyi ni kijiji cha ujamaa, mna kiwanda cha mbao, mna injini, halafu mcheze kama babu zenu?"

Nikamjibu kwamba babu zetu walicheza vizuri tu. Akacheka, akakubali. Ni mtu mwepesi kupendwa. Ukweli ni kwamba alinikuna panaponiwasha. Tangu nitoke chuo cha ualimu nina hamu ya ngoma isiyo na ngoma ndani yake, ngoma ya miili peke yake, inayosema jambo la leo. Kila nikilitaja hilo hapa kijijini naambiwa nitafute mume.

9 Machi

Nimekwenda kiwandani. Kiwanda ni neno kubwa: ni banda la mabati pembeni mwa msitu wa Magamba, lina injini moja ya dizeli, mkanda, na msumeno wa duara unaozunguka kasi hata meno yake hayaonekani. Anayesukuma gogo kwenye msumeno ni mdogo wangu Faustine. Ni kitinda mimba wetu. Baba alipofariki, mimi ndiye niliyembeba mgongoni mama akiwa shambani, na mpaka leo akitaka kunichokoza huniita "lumbu mzee". Lumbu ndivyo tunavyoitana kaka na dada kwa Kishambaa.

Kabla mashine haijaja, Faustine alikuwa akipasua mbao kwa mikono pamoja na Mzee Rubeni. Faustine alisimama juu ya gogo, Mzee Rubeni akawa chini shimoni, na msumeno mrefu katikati yao. Wa juu hamwoni wa chini, kwa hiyo walikuwa wakiimbiana. Wa juu akishikilia kabari kwa mkono huuliza: "Wa chini, umeshika?" Wa chini akishakaa sawa hujibu: "Nimeshika, achia!" Kabla ya jibu mkono hautoki pale. Ukiutoa mapema, mbao inabana msumeno na mwenzako anaumia. Hivyo ndivyo walivyopasua mbao miaka yote, kwa kuulizana.

Leo nimeona jambo. Kelele za mashine hazikuniruhusu hata kujisikia nikikohoa, lakini niliona midomo ya Faustine inacheza. Walipozima injini kunywa uji nikamuuliza alikuwa anasema nini. Akaona haya.

"Namuuliza wa chini."

"Wa chini gani?"

"Si hayupo! Ndiyo maana najijibu mwenyewe. Najiuliza, najijibu, natoa mkono."

Wenzake wakamcheka, kisha mmoja mmoja akakiri kwamba hata yeye hufanya hivyo. Mzee Rubeni, ambaye siku hizi kazi yake ni kuzoa vumbi la mbao, akatema ugoro.

"Mashine haina adabu," alisema. "Unaisalimia haikuitikii."

Nimerudi nyumbani karibu nakimbia. Ngoma nimeipata.

22 Machi

Mazoezi ya kwanza, kwenye ghala tupu la kijiji. Wanaume sita wamekamatana mabega, mikono imejificha migongoni mwa wenzao, wanakwenda mbele na kurudi nyuma wakitoa pumzi kwa meno. Hao ndio mashine. Anayeiongoza ni Tobia, ambaye kiwandani hupokea mbao upande wa pili wa msumeno. Mtu mpole mwenye kifua cha pipa. Faustine peke yake ndiye mtu. Anasimama mbele yao, ananyoosha mkono, anauliza: "Wa chini, umeshika?" Mashine haijibu, inaendelea kuja.

Walicheka mno. Tobia alipumua vibaya hadi akapaliwa. Kazi ipo.

29 Machi

Mvua. Mazoezi hayakufanyika.

5 Aprili

Nimegombana na Faustine. Kila akiuliza, mdomo wake unajijibu chinichini, na mkono unaruka kurudi. Ngoma yote inakufa hapo. Nimemweleza mara ngapi? Mtu anaiuliza mashine kama alivyomuuliza mwenzake. Haijibu. Anangoja, kwa sababu ndivyo alivyolelewa, na mkono uko palepale wakati mashine inamfikia. Huko kungoja ndiko ngoma yenyewe.

"Usijijibu," nikamwambia. "Ngoja."

"Dada, mkono unatoka wenyewe."

"Basi ufundishe. Wewe ni mcheza ngoma au panzi?"

Wenzake waliangua kicheko, yeye hakucheka. Nimemsema vikali kuliko ilivyostahili, lakini nikimbembeleza hatutafika popote.

12 Aprili, Ijumaa Kuu

Mama amenisuta mbele ya jirani zetu wa Kilutheri kwamba nachezesha watu ngoma Kwaresima nzima. Nimemwambia si ngoma, hakuna hata ngoma moja iliyopigwa. Amesema nimeanza kujibu kama wanasiasa. Nimekwenda Njia ya Msalaba nimenuna.

20 Aprili

Leo amengoja.

Sikutegemea. Mashine ilikuja, na baridi ya leo ilifanya pumzi zao zionekane kabisa kama moshi. Faustine aliuliza, akatulia. Uso wake ulikuwa umeinama kidogo upande, kama mtu anayesikiliza shimoni. Hakuogopa, alikuwa anangoja kwa heshima. Mashine ilipita juu ya mkono wake na bado alikuwa anasikiliza. Mmoja wa wanawake waliokuja kujikinga na mvua mlangoni akaanza kulia. Mzee Rubeni aliondoka bila kuaga.

Mdogo wangu nilikuwa namwona mtoto mvivu mwenye mzaha. Sikujua ana kitu hiki. Nilimkumbatia mbele za watu, akanisukuma kwa aibu.

27 Aprili

Ndugu Fanueli ameiona ngoma. Amesimama kitambo kizima mkono kidevuni. "Hii ni mpya, Mwalimu. Hii haijaonekana hata Dar es Salaam." Halafu akauliza kama mwishoni mtu na mashine wanaweza kupeana mikono, kwa ajili ya maendeleo. Nikamwambia mashine haina mikono. Akaandika hilo jibu, limempendeza.

Wamesema watu waliohamishwa kutoka mabondeni watajengewa nyumba kabla ya kipupwe, kwa hiyo kiwanda kinatakiwa kitoe mbao zaidi. Bakari, msimamizi, amewaongezea saa za kazi. Vijana wanafika mazoezini wamechoka hoi.

3 Mei

Jambo la kuchekesha mezani. Mama alimpa Faustine bakuli la maharage, akalishika, naye mama akawa bado amelishika. Mama hakusema neno. Faustine naye akabaki ameshika, ametulia tuli, hadi mama akapiga kelele: "Achia basi nikupakulie, au chukua!" Tukacheka mpaka maharage yakamwagika.

Baadaye akaniambia kwamba hata kiwandani siku hizi hajijibu tena. "Naona kama nilikuwa najidanganya," alisema. "Nauliza, basi. Mkono unajua."

Nimefurahi kusikia hivyo. Ngoma imemwingia mwilini.

10 Mei

Mvua mchana kutwa. Ukungu umeingia hadi darasani.

15 Mei

Naandika leo ya jana, maana jana sikuweza kushika kalamu.

Nilikuwa nafundisha watu wazima kusoma. Injini ikazimika. Hapa kijijini tumeizoea ile sauti kiasi kwamba ikizimika wakati si wake, kila mtu anainua kichwa. Secilia, mke wa Tobia, alisimama na kitabu chake akatoka bila kuomba ruhusa. Nikamfuata. Tulikimbia kwenye matope, mimi nikiwa na chaki mkononi.

Walikuwa wamemlaza kwenye rundo la vumbi la mbao. Vumbi lilikuwa limegeuka jekundu na linaendelea kunywa. Tobia alikuwa amemfunga mkono juu ya kiwiko kwa mkanda wa suruali yake. Ni mkono wa kulia. Vidole vinne na nusu ya kiganja havipo, kimebaki kidole gumba. Faustine alikuwa macho. Alinitazama moja kwa moja. Nilipiga magoti, nikamwita jina. Aligeuza uso upande wa ukuta.

Gari hakuna linaloweza kupanda huku kwa mvua hizi. Tulimbeba kwa machela ya mbao, mbao zilezile alizopasua asubuhi, wanaume wakipokezana hadi barabara kuu. Njia nzima nilishika blanketi lisimteleze. Mara mbili niliuliza: "Unanisikia, Faustine?" Alikuwa ananisikia. Hakujibu.

Hospitali wamesafisha na kushona. Mama amebaki naye. Mimi nimerudi leo asubuhi na Tobia. Tulipofika kwenye kona ya juu, Tobia akasimama.

"Mwalimu, niseme?"

"Sema."

"Mimi nilikuwa upande wa kupokea. Nilimwona. Hakuteleza. Bakari anasema aliteleza, si kweli. Alikuwa ameshika mbao, akauliza. Niliona mdomo. Halafu akangoja." Tobia alilia kwa sauti, jitu zima lile. "Alikuwa ameinamisha kichwa hivi. Kama kwenye ngoma."

Nilikaa chini palepale kwenye matope.

Alipokuwa akijijibu alikuwa salama. Ule uongo mdogo ndio uliokuwa ukiutoa mkono wake. Mimi nikamwondolea, nikamwita panzi, nikamfundisha jioni baada ya jioni kwamba mkono ukae. Nilitaka watu wamwone binadamu akiingojea mashine imjibu, nikampata wa kweli, kisha nikamrudisha kazini kesho yake.

16 Mei

Sijatoka.

19 Mei

Baada ya misa watu wamenipa pole. Kila mtu ana sababu yake. Wapo wanaosema msitu umekasirika kwa miti iliyokatwa. Bakari anasema uchovu. Mzee Rubeni alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniambia: "Ni mashine, mwanangu. Ni mashine tu." Lakini hakunitazama usoni, na nikajua kwamba anajua. Siku ile aliondoka ghalani bila kuaga. Alikuwa ameona. Kwa nini hakusema? Nimemchukia mchana kutwa, kwa kuwa kumchukia yeye ni rahisi.

26 Mei

Nimekwenda hospitali na ndizi na maziwa. Nimemwambia Faustine yote: kwamba najua, kwamba Tobia amenieleza, kwamba kosa ni langu. Nilitegemea anitukane. Nilitaka anitukane. Alinisikiliza hadi mwisho, akamwambia mama amfungulie dirisha. Na mama naye si wa kupindapinda.

"Mwenzio hataki kusema nawe, Perpetua. Nenda ukapumzike."

Nimepanda mlima kwa miguu, ndizi nimezigawa njiani.

2 Juni

Mvua zimekatika. Baridi imeingia badala yake. Injini inalia tena. Aliyewekwa pale ni kijana wa mabondeni ambaye hajawahi kupasua mbao kwa mikono, wala haimbi. Bakari anasema huyo hatapata shida. Nadhani ni kweli.

8 Juni

Ndugu Fanueli amekuja kutoa pole. Nilimpa barua ya kujitoa, akairudisha mfukoni mwangu kwa upole. Amekwishaandika jina la kijiji kwenye ratiba.

"Ngoma hii sasa ina uzito, Mwalimu. Mnafanya kwa ajili ya huyo kijana. Wafanyakazi wote wa wilaya waione."

Nilimtazama sana. Si mtu mbaya. Macho yake yalikuwa yamelowa kweli. Anaona ngoma nzuri, haoni kingine, na mimi mwezi uliopita nilikuwa vilevile. Nikamwambia hakuna atakayekubali kusimama mahali pa Faustine. Akasema atafutwe.

9 Juni

Hakuna aliyekubali. Mmoja amesema afadhali akapige kwata jeshini. Nafasi ile imekuwa na kisirani.

11 Juni

Faustine ametoka hospitali. Anakula kwa kushoto. Akitaka chumvi humwomba mama, hata kama kopo liko mbele yangu.

17 Juni

Leo mama aliniita jikoni, akaongea huku anachambua maharage, bila kuniangalia.

"Mdogo wako anasema nikuulize. Hiyo ngoma bado ipo?"

"Ndugu Fanueli anaitaka. Mimi sitaki."

"Anasema umweke kwenye mashine."

Sikuelewa. Akarudia polepole, kama anavyoniambia neno la Kishambaa nililolisahau. "Kwenye wale sita. Anasema pale vidole havihitajiki."

Nilitoka nje nikashika nguzo ya zizi. Nilitamani kukataa. Lakini ni neno la kwanza alilonitumia kwa mwezi mzima, na kama njia ya kufika kwake inapita hapo, nitapita. Kama yeye atakuwa mashine, basi mtu nitakuwa mimi. Wacha waseme mwanamke gani huyu anapanda juu ya gogo.

18 Juni

Wamesema.

24 Juni

Mazoezi. Anasimama pembeni kabisa mwa mstari, mkono uliofungwa umejificha mgongoni mwa Tobia. Anapumua vizuri kuliko wote. Nauliza: "Wa chini, umeshika?" na nasubiri, na yeye ananijia usoni bila kupepesa. Sijawahi kujua jinsi kungoja kule kulivyo. Kila kitu mwilini kinataka kukimbia, na mkono ndio wa mwisho kuambiwa. Yeye nilimtaka afanye hivi kila jioni, nikimkaripia.

Tobia aliniomba tuache. Faustine akatikisa kichwa kwamba tuendelee.

1 Julai

Baridi kali. Mama ametushonea kaniki za machezo. 

7 Julai, Saba Saba

Uwanja ulijaa. Viongozi jukwaani, watoto wa shule na bendera, mdumange wa kila kata. Tulipoingia bila ngoma watu walizomea kidogo, wakidhani tumesahau vyombo.

Mashine ikaanza. Nilitoka mbele, nikanyoosha mkono wa kulia, nikauliza. Sauti yangu ilikuwa ndogo katika uwanja ule. Wakaja. Nikauliza mara ya pili, na hapo, sijui ni kichaa gani, sikuwa nacheza tena. Nilikuwa namuuliza yeye. Nilitaka avunje ngoma yote mbele ya viongozi wote wa wilaya, aseme lile neno moja la kunijibu. Alikuwa karibu kiasi cha kunipulizia shavuni. Aliniangalia. Koo lake lilipanda, likashuka.

Hakujibu. Wakapita juu ya mkono wangu, bega la Faustine likanipiga kifuani kwa nguvu ambayo hatukuwahi kuifanyia mazoezi, nikaanguka chali. Watu wakasimama kushangilia. Ndugu Fanueli alikuja mbio kunipa mkono, machozi yanamtiririka. Tumechaguliwa kwenda Tanga.

Kurudi, wengine walipanda lori. Faustine akaenda kwa miguu, nikamfuata hatua kadhaa nyuma, kama nilivyozoea tangu Mei. Tulipopita mashamba ya mwisho akasimama kunisubiri.

"Lumbu," alisema.

Nikasogea hadi alipo.

"Tanga siendi."

"Hakuna atakayekwenda. Nitawaambia."

"Sikiliza kwanza." Aliukumbatia mkono wake uliofungwa. "Lile jibu nilikuwa nalo mdomoni. Ulivyouliza mara ya pili nilijua unaniuliza mimi. Nikalimeza. Nilitaka mkono wako ukatike. Niliomba kabisa pale kwamba mabega yetu yawe chuma. Kwa sekunde ile sikuwa na dada."

Nilimwambia najua, nililisikia bega.

"Sasa nimekwambia," alisema. "Sijui kama nimekusamehe. Nadhani bado."

"Sawa."

"Usinibembeleze."

"Sikubembelezi."

Tukaendelea kupanda, safari hii sambamba, yeye upande wa bondeni. Kifua kinaniuma nikivuta pumzi, na mama amenikanda kwa maji ya moto bila kuuliza nimeumia wapi. Faustine amelala chumba cha pili. Amekohoa sasa hivi.